Umesomeshwa Ukawe Abiria

Kijiwe cha Magomeni, hapa Kilosa, kina benchi moja la mbao, birika moja la Mwanasha muuza kahawa, na wataalamu wa kila jambo ambalo hawajawahi kulifanya. Ukipita saa kumi alasiri utakuta nchi tatu zimeshahukumiwa na kahawa bado ya moto. Mzee Urbanus hukaa upande wa kivuli. Wanamwita Tiketi, kwa kuwa alikagua tiketi kwenye treni za Reli ya Kati miaka ishirini na sita, na mpaka leo akikutazama unajikuta unapapasa mifuko. Siku hiyo alikuja na simu mkononi, mdomo kauvuta. Binti yake Lightness, anayefanya kazi kwa kompyuta akiwa Istanbul, huko Uturuki, alikuwa na siku kumi na mbili hajampigia. Mzee aliumia, na hakutaka mtu ajue kwamba ameumia, kwa hiyo alikuja kumsema.

— Oneni wenyewe. Kaweka status. Basi linaondoka kituoni, ndani kuna watu wanne.

Mudi, mpiga debe wa stendi, jina la kazi Bado Mmoja, aliipokea simu akaisogeza karibu na pua.

— Wanne? Na dereva kaondoka?

— Saa ilipofika, kaondoka.

— Huyo dereva ana laana. Mimi gari la Mikumi likiwa na watu ishirini bado natangaza amebaki mmoja. Mafuta yanarudi vipi?

— Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, alisema Kornelio. Huyu alishuka kutoka Vidunda zamani, jembe akaliacha kulekule mlimani, na wanamwita Askofu kwa urefu wa mahubiri yake. — Maana yake, gari ambalo halijajaa halina baraka.

— Maana yake siyo hiyo, alisema Mwanasha.

— Wewe mimina kahawa.

Urbanus alipuliza kikombe chake.

— Na konda hakuna! Mtu anaingia na kadi, anaigusisha kwenye kimashine, kinalia ti, anakwenda kukaa. Nani amemkagua? Nani amemuuliza anakoshukia?

— Asiye na mwana aeleke jiwe, Kornelio alithibitisha. Asiye na konda aeleke mashine.

— Sasa yeye Lightness kazi yake hasa ni nini? aliuliza Mudi.

— Kazi! Kampuni iko Uholanzi, yeye yuko Istanbul, ofisi iko kwenye begi la mgongoni. Asubuhi treni ya chini ya ardhi, mchana kajikunja maktaba, jioni tramu. Gari hana. Pikipiki hana. Nilimuuliza kwenye simu: mwanangu, nimekusomesha mpaka chuo kikuu ukawe abiria?

Benchi lilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Urbanus naye alicheka, ila kicheko chake kiliisha mapema. Hakuwasimulia kwamba baada ya swali hilo Lightness alisema “sawa, baba,” na simu ikakatika.

— Mimi nimeshaelewa, alisema Mudi. Hao watu wanne wamelipwa. Hata sisi stendi tunapanga watu ndani ili gari lionekane lina abiria. Mimi mwenyewe nimekuwa abiria wa Mikumi mara elfu moja na Mikumi sijafika. Lightness kaajiriwa kujaza gari.

— Acha ushamba, alisema Kornelio. Tiketi, si ulituambia hiyo treni inapita chini ya bahari?

— Alisema hivyo. Anapandia Ulaya, anashukia Asia.

— Asubuhi moja? Na pasipoti haigongwi? Basi huyo siyo abiria! Ni mkaguzi wa siri. Ile kompyuta anaandikia watu wasiolipa nauli, majina yanakwenda Uholanzi, huko wanakatwa mishahara. Mtoto wa nyoka ni nyoka!

Urbanus alijua huo ni upuuzi. Lightness husahihisha maandishi yanayopita chini ya filamu, alimweleza mara tatu, na mara ya tatu kwa upole kama anayemfundisha mtoto. Lakini kwa muda mfupi mzee alimwona bintiye akipita kwenye behewa, mgongo umenyooka, akisema “tiketi tafadhali,” na moyo wake ulifurahi kuliko alivyotaka.

— Ana kofia? Mudi aliuliza.

— Mkaguzi wa siri havai kofia.

— Kumbe hata kofia hana! Ajira gani sasa hiyo?

— Baba Lightness, alisema Mwanasha, hiyo status leo umeifungua mara ngapi?

— Nakagua.

Hapo akatokea Rebeka, mwalimu aliyehamishwa kutoka Mikumi wiki ileile, anatafuta kahawa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu. Kaa hapa, wewe umesoma, utuamulie.

Wakamwaga kesi yote kwa mpigo: basi tupu, kadi, bahari, Uholanzi. Rebeka alisikiliza hadi mwisho, akanywa funda moja.

— Na yeye mwenyewe anasemaje?

Mudi alimtazama Kornelio. Kornelio alimtazama Urbanus.

— Hajapiga, alisema mzee. Siku kumi na mbili.

— Na wewe, baba?

— Mimi nimpigie? Mtoto ndiye anayemwamkia mzazi. Tangu lini baba akaanza kuifuata shikamoo?

Aligeukia benchi apate kuungwa mkono. Kornelio alifungua kinywa kutafuta methali, akakosa hata ya kukosea. Mudi alichungulia ndani ya kikombe chake. Mwanasha aliinamisha birika, yakatoka matone mawili.

— Imekwisha.

Kwa kawaida neno hilo huwatawanya. Hakuna aliyesimama. Urbanus alikaa na hasira yake, na kwa mara ya kwanza siku zile aliona ni hofu tu, kwamba mtoto amezoea kukaa bila yeye. Akabonyeza simu. Ikaita, ikaita. Spika ilikuwa wazi na hakujua kuifunga.

— Shikamoo, baba.

Nyuma ya sauti ya Lightness milango ilijifunga kwa kishindo, na mwanamke akatangaza jambo kwa lugha ya huko. Kwa siku kumi na mbili mzee alikuwa ameandaa hotuba ya adabu. Aliitafuta, hakuiona.

— Baba? Upo? Niko kwenye tramu, ndiyo natoka kazini.

Urbanus akaishika simu kwa mikono miwili.

— Umepata siti, mwanangu?