Majibu Yaliyomsubiri Mama Ijumaa

Tarehe thelathini mwezi huu, mhariri wa barua yetu kwa wafuga nyuki anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Ofisi nzima tunamwita Mama Ijumaa, kwa sababu barua yake ilitoka kila Ijumaa saa tatu asubuhi, na kabla ya saa hiyo hakuna aliyethubutu hata kumsalimia. Mkurugenzi aliwahi kuingia saa mbili na nusu akiwa na wageni, akaonyeshwa mlango kwa kalamu. Alitoka.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Barua za mwanzo zilikuwa karatasi moja iliyokunjwa mara tatu, na stempu alizibandika mwenyewe mpaka ulimi ukamkauka. Barua pepe ilipokuja alijifunza kwa vidole viwili, na hadi leo ni viwili hivyo hivyo, ingawa sisi tunaotumia vyote kumi hatumfikii. Aliwafundisha watu kuhamisha nyuki bila kuwaudhi, wakati wa kuvuna, na wakati wa kuwaachia wadudu asali yao wenyewe. Kila barua ilimalizika kwa swali. Watu walimjibu, naye aliwajibu. Alikuwa na sanduku la kadi, kila msomaji na kadi yake: ana mizinga mingapi, mkewe anaumwa mguu, mtoto kafaulu mtihani. Wasomaji elfu moja na mia mbili, na wengi wao hajapata kuwatia machoni.

Sasa nifike pale panaponiuma. Mimi ndiye mtunza tovuti wa ofisi hii, na mwaka jana ni mimi niliyependekeza barua ifutwe, tuandike kwenye blogu tu. Hoja nilikuwa nazo. Blogu inaonekana na dunia nzima, makala zake hazipotei, na anayetafuta habari za nyuki anazikuta popote alipo. Asiyetaka kuja kila siku kuangalia atumie mlisho, yaani programu ya kusomea inayomkusanyia makala mpya kutoka tovuti anazozipenda. Mama Ijumaa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema blogu ni duka zuri, lakini wasomaji wake wengi ni wazee waliozoea kubishiwa hodi. Duka hawatajua liko wapi, na huo mlisho wangu watadhani ni chakula cha kuku. Tulicheka sana. Kisha wakubwa wakapiga kura, akashindwa.

Tangazo la kuhama nililituma mimi, kwa wasomaji wote, kutoka anwani mpya ya barua pepe ya ofisi, na ile ya zamani waliyozoea kumwandikia nikaifunga. Hiyo mpya ilikuwa ya kutuma matangazo tu, na sikumweka mtu wa kufungua kitakachorudi. Haikunijia hata akilini kwamba kitu kitarudi. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuandika jambo ambalo mtu akaona haja ya kulijibu.

Kwa miezi mitano Mama Ijumaa aliandika makala za blogu. Kila Jumatatu alipita mezani kwangu kuuliza wasomaji wamesemaje. Nilimwonyesha idadi ya waliotembelea, nayo ilikuwa kubwa, tuliipigia makofi. Yeye aliitazama, akashukuru, akarudi kwenye kiti chake. Siku moja niliona lile sanduku la kadi liko chini ya meza, limefunikwa gazeti. Aliniambia kwa upole kwamba watu husahau, ndivyo walivyo, wala hana kinyongo nao. Alizeeka miezi ile, na sisi tukasema ni umri.

Wiki sita zilizopita nilikuwa nikifunga anwani zisizotumika. Ndani ya ile ya matangazo nilikuta majibu mia sita themanini na matatu. Yote yaliandikiwa Mama Ijumaa. Niliyachapa kwenye karatasi kwa kuwa mdomo ulikuwa mzito, nikamwekea mezani, nikasimama pale nikisubiri hukumu.

Seremala mmoja mzee, mtengeneza mizinga aliyemwandikia kila wiki kwa miaka tisa, alikuwa na barua nne humo. Ya kwanza iliuliza kama Mama anaumwa. Ya pili ilieleza kwamba nyuki wa mzinga wake wa tatu wamehama, naye hajui la kufanya. Ya tatu ilikuwa mstari mmoja: "Mama, kama kuna neno nililokukosea, niambie." Ya nne iliandikwa na binti yake. Mzee amefariki, na mpaka wiki yake ya mwisho, kila Ijumaa aliuliza kama barua imekuja.

Mama Ijumaa alivua miwani.

"Alidhani nimemkasirikia," alisema. "Na mimi nilidhani amenisahau."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alifunga mlango, akampigia simu yule binti, wakazungumza muda mrefu. Alipofungua, sanduku lilikuwa juu ya meza na yeye ameshaanza kujibu. Ameyajibu yote mia sita themanini na matatu, kwa vidole vyake viwili, kila mtu kwa jina lake, na la mwisho lilikwenda jana saa kumi jioni. Kadi ya seremala hakuitoa. Chini ya jina la baba ameandika la binti, ambaye sasa ndiye anayeitunza ile mizinga.

Wakubwa walipoyasoma majibu yale ya wasomaji hawakupiga kura tena. Blogu inabaki kwa anayetafuta, mlisho unabaki kwa anayeujua, maana nao wana watu wao. Lakini barua inarudi kila Ijumaa, na kila jibu lina mtu wa kulifungua. Mtu huyo ni mimi. Yeye ndiye aliyeniombea kazi hiyo, kama alivyotaka niuandike mimi wasifu huu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema aliyekosea hatasahau kufungua.

Mama, asante kwa miaka yote, na utusamehe. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na Ijumaa zisizo na haraka. Miaka ishirini na tisa jina lako halikuwahi kuwa kwenye orodha ya wasomaji, kwa kuwa mwandishi ulikuwa wewe. Jana nimekuandika, wa mwisho kabisa, na kadi yako nimeijaza kwa mkono wangu. Ijumaa ijayo saa tatu asubuhi barua itakufikia, na mwishoni itakuwa na swali. Tafadhali lijibu. Nitakuwa nasubiri.