Kanda ya Mazoezi ya Bi Vidole

Kanda ilifutwa, wasikilizaji wapendwa. Haikupotea wala haikuliwa na panya. Ilifutwa hapa hapa kituoni, na mpiga piano tuliyemzika jana amekufa akiidai.

Tulimwita Bi Vidole. Alirekodi nasi utungo mmoja mara mbili: ule mrefu wa piano na okestra, wa karne ya kumi na tisa, uliojaa mahaba na majonzi. Mara ya kwanza mazoezini. Mara ya pili kwenye tamasha.

Mazoezini, kiongozi wa okestra alichelewa. Bi Vidole akaanza bila yeye. Sehemu ya pili aliipiga taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Wapiga fidla wakamfuata kwa masikio tu. Fundi mitambo, aliyekuwa anajaribu vipaza sauti, akaiacha kanda izunguke.

Kwenye tamasha, mgeni rasmi alikuwa na haraka. Kiongozi akaongeza mwendo. Sehemu ile ile ikafukuzwa kama mbuzi aliyeingia shamba la watu.

Nyuma ya jukwaa Bi Vidole akamvaa kiongozi. "Kaka, ulikuwa unakimbizwa na nani?"

"Lakini dada, watu wamepiga makofi!"

"Wamefurahi tumemaliza."

Akaja kituoni, akamwomba mkuu wetu jambo moja: tupige redioni ile ya mazoezi.

"Hilo tu, mama? Ondoa shaka."

Ondoa shaka! Hapa kanda za mazoezi hutumika upya. Wiki iliyofuata, juu ya ile kanda ikarekodiwa hotuba ya mgeni rasmi yule yule. Mkuu alijua. Kila Bi Vidole alipokuja kuulizia, aliambiwa, "Tunaitafuta, mama." Akazeeka akitafutiwa kitu kilichokwisha kufutwa.

Binti yake anasema: "Mkipiga ile ya tamasha, mama alikuwa anainuka kuzima redio. 'Huyo si mimi,' anasema, 'huyo anawahi basi.'"

Na juzi, tukitangaza kifo chake, tumepiga ipi? Hiyo hiyo. Binti akapiga simu. "Hata leo, jamani? Hata leo?"

Pole, binti. Poleni, wajukuu. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu mnamwambia "tunatafuta" huku mnajua, mwambieni ukweli angali hai.

Hotuba ipo kabatini. Hakuna aliyewahi kuiomba. Kilichokwenda ni hiki: sehemu ya pili ya mazoezini, yote. Mpiga piano, maana baada ya tamasha lile hakupiga tena hadharani. Na wajukuu wawili ambao hawatamsikia bibi yao akipiga alivyotaka.