Shahada Niliyoitunga kwa Ajili ya Mama

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Bwana Awadh. Daktari Mohannad, mwalimu na msimamizi wetu. Masheikh na wachungaji mlioketi meza moja. Ndugu wahitimu wa leo. Ndugu wanafunzi wapya. Na nyinyi wageni waalikwa mliokuja hapa Al Rigga, Dubai, kwa ruhusa ya nusu siku, jicho moja kwangu na jingine kwenye simu, asije madam akapiga: Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Na ambao sikuwagusa katika hizo, hamjambo?

Bwana Awadh aliponiita aliniambia, "Fauziya, wewe ndiye wa kwanza kwetu kuimaliza shahada ya kujitungia mwenyewe. Njoo uwatie moyo hawa wapya." Nikamjibu, "Bwana Awadh, huo moyo wenyewe sina." Akacheka, akadhani ni unyenyekevu wa sisi watu wa Mombasa. Haukuwa unyenyekevu, ndugu zangu. Nimekuja kwa sababu kumkatalia mtu mzima ni vigumu, lakini nitasema lililonipata, na kila mmoja wenu achukue la kuchukua.

Kwa wageni msioujua mpango huu, nieleze. Chuo chetu humpokea mtu mzima mwenye kazi na majukumu yake, kikamwambia: usifuate njia tuliyoichora sisi. Chukua somo katika idara hii na somo katika idara ile, uyashone pamoja, na ukiweza kutetea mbele yetu kwa nini kila moja limo, hiyo ndiyo shahada yako. Nani kati yetu, aliyezoea kuambiwa avae nini, alale wapi na apumzike lini, asingeupenda mwaliko kama huo? Kaka yetu Yowasi, mlinzi, mwana wa Uganda, anayehitimu leo, aliunganisha mambo ya usalama na falsafa. Jopo likamuuliza vitu hivyo vinahusianaje. Akawajibu, "Waheshimiwa, mtu anayesimama mlangoni kutwa ana kazi gani nyingine zaidi ya kufikiri?" Wakampitisha. Mpigieni makofi. Juzi alimweleza bosi wake kwamba amefaulu, na bosi akamshika mkono kwa furaha, akamwambia, "Mabruk, mabruk! Yalla, rudi getini." Mnacheka. Yowasi naye alicheka aliponisimulia, ila macho yake hayakucheka.

Mimi nilikuwa mwangalizi wa bibi mmoja mkongwe, tukimwita Hajja, katika nyumba ya bintiye, madam Sundus. Hajja alikuwa anasahau. Kwanza alisahau majina ya wajukuu, halafu akaanza kukisahau Kiarabu chenyewe, neno moja moja, mpaka akanyamaza. Madaktari walisema ndiyo basi, hatasema tena. Asubuhi moja nilikuwa namchana nywele huku naimba kwa sauti ya chini, nyimbo zetu za kubembelezea watoto, na madam Sundus amekaa pale anakunywa gahawa. Hajja akageuza shingo, akasema kwa Kiswahili kisafi, "Usinivute nywele, we mtoto!"

Kikombe kilimponyoka Sundus. "Anasema nini? Fauziya, mama anasema nini?"

Kumbe Hajja alilelewa Unguja, akaondoka angali binti mdogo, akaolewa huku, na lugha ile hakuwarithisha wanawe. Sasa kila kitu kilikuwa kimemtoka isipokuwa ile ya kwanza. Tangu siku hiyo akaanza kuzungumza, na katika nyumba ile kubwa yenye watoto na wajukuu, mtu aliyemwelewa nilikuwa mimi peke yangu. Wanawe walikuwa wakiniuliza mlangoni, kama watu wanaoulizia habari za safari, "Mama amesema nini leo?"

Na nyumbani kwetu Mombasa, ndugu zangu, mama yangu mzazi naye alikuwa ameanza kusahau.

Ndipo nilipoitunga shahada yangu. Nilichukua uuguzi wa wazee, nikachukua saikolojia, nikachukua isimu, nikaipa jina: Lugha na Uangalizi wa Wazee Wanaosahau. Daktari Mohannad, unakumbuka? Uliniuliza, "Ukimaliza utaitumia wapi?" Nikasema, "Mombasa, kwa mama yangu." Ukasema, "Miaka yote hii ya kusoma, kwa mgonjwa mmoja?" Nikakwambia, "Huyo mmoja ananitosha." Ukavua miwani ukaifuta, wala hukuniuliza tena. Nakushukuru kwa hilo, mwalimu wangu, na kwa yote uliyonifunza. Ulinifunza vizuri. Ninayoyalalamikia hayatoki kwako.

Nilisoma Hajja akilala, nilisoma akila, nilisoma nikimsikiliza, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa somo. Na kadiri nilivyojua zaidi, ndivyo nilivyozidi kuhitajika. Niliomba likizo nikamwone mama. Madam Sundus hakunifokea hata mara moja. Ningependa mlijue hilo. Alinishika mikono, akalia. "Fauziya, ukiondoka, mama yangu atazungumza na nani?" Mngemjibu nini? Mimi nilibaki. Mwaka uliofuata nikaomba tena, akalia tena, nikabaki tena.

Nyumbani, mama alikuwa akiangaliwa na Sheikha, binti wa jirani. Nilipiga simu kila siku. Mwanzoni mama alikuwa akiniuliza nimekula nini. Baadaye akawa anasikiliza tu. Baadaye Sheikha akawa ananiambia, "Dada, leo hataki kuishika simu, tujaribu kesho inshallah." Nilijua maana yake. Nilikuwa nimeisomea. Kuna uchungu wa kutojua linalompata mama yako, na kuna uchungu wa kulijua hatua kwa hatua, kama ulivyolifanyia mtihani, nawe uko mbali.

Mwaka niliofaulu ndio mwaka aliofariki Hajja. Alikufa nimemshika, akizungumza na dada zake wa utotoni, nami nikimwitikia kwa niaba yao. Baada ya matanga madam Sundus aliniambia, "Khalas, Fauziya. Nenda kwa mama yako. Na unisamehe." Tukakumbatiana. Nikaondoka Dubai na shahada yangu, nikiwa na furaha ya mtu anayedhani amewahi.

Mama alikuwa ukumbini, amevaa leso mpya, amenenepa kidogo, anapendeza. Nikapiga magoti mbele yake. Akanitazama kwa adabu sana. Kisha akageuka, akaita, "Fauziya! Fauziya mwanangu! Mgeni huyu amefika, mletee maji." Na Sheikha akatokea jikoni na gilasi ya maji, akasimama mlangoni, akaniangalia, machozi yanamtiririka. Alikuwa ameitikia jina langu muda mrefu. Angefanyaje? Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Basi hata jina langu halikuwapo. Lilikuwa limepewa aliyekuwapo.

Je, niliyanywa maji yale, mtauliza? Niliyanywa. Nikasema, "Asante, Fauziya."

Nilijaribu kila nilichofunzwa. Niliimba, nikazungumza taratibu, nikamtajia watu wa ujana wake. Vyote vilifanya kazi! Mama alicheka, alisimulia, aliimba pamoja nami, na majirani walishangaa. Lakini mwanawe hakuwa mimi, na hakuna somo katika shahada yangu lililoweza kuning'oa katika kiti cha mgeni.

Nikasema, basi, angalau nipate kazi nikae karibu naye. Nikazunguka hospitali. Katika ofisi moja mama mmoja mpole aliniuliza, "Wewe ni muuguzi?" Nikasema hapana. "Ni mwanasaikolojia?" Hapana. "Mwalimu wa lugha?" Hapana. "Sasa, dada yangu, tukuweke wapi?" Nilieleza vizuri, kama nilivyolieleza jopo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisindikiza mlangoni. Kwingine hawakunisikiliza. Shahada ile niliishona kwa kipimo cha mwili wangu, na huko nyumbani hakuna mlango wa kipimo hicho.

Ndugu wanafunzi wapya, naona nyuso zenu. Sisemi msisome. Someni. Lakini mtakapoulizwa mnajitungia shahada ili iweje, msijibu haraka kama nilivyojibu mimi, mkadhani kwamba mnayemsomea atawangoja. Leo niko tena hapa Dubai, namwangalia mzee wa Kihindi. Lugha yake ya kwanza siijui hata neno moja, na ameanza kusahau Kiingereza.

Nimalizie na siku yangu ya mwisho Mombasa. Nilikuwa nimekaa na mama barazani, tunachambua mchele. Akanitazama kwa huruma, kama anayemwonea uchungu mtoto wa watu, akaniuliza, "Mwanangu, wewe una mama?"

Nikasema, "Ninaye."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi unafanya nini hapa siku zote hizi?" akasema, akinipokonya sinia la mchele. "Inuka uende kwake. Mama haachwi peke yake."

Nikainuka. Nikambusu mkono. Nikatoka.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Daktari Mohannad, wahitimu, wageni wetu: mmenivumilia, mmenyamaza nilipohitaji mnyamaze. Sina zaidi ya hayo. Asanteni kwa kunitegea sikio.