Panga Lililochukuliwa na Mtani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, kwa kuwa leo nasimama mbele yenu na mikono isiyo na damu ya mtu!

Wengi hapa Maramba mnanijua. Baba na mama walifariki mwaka mmoja, nami nikaacha shule darasa la sita ili niwalee wadogo zangu, Elia na Tabitha. Nilijifunza mapema kwamba yatima asiye mkali huliwa. Nikawafundisha na wao: "Mtu akikugusa, mguse mara mbili." Nilidhani nawalinda.

Kanisa letu lilipoanza kukaa kila Alhamisi alasiri na kuulizana Mkristo afanye nini akionewa, badala ya kupiga, nilikaa nyuma nikicheka moyoni. Wengine walisema tuvumilie tu. Wengine walisema tumwendee aliyetukosea, tumuulize, lakini asiende mtu peke yake. Mimi nikasema waziwazi, "Amani ni ya wenye baba na mama."

Asubuhi moja Elia, kijana wa miaka kumi na sita, alikuja mbio kutoka shambani ameziba macho. Utomvu wa minyaa ulikuwa umemwingia, nanyi mnajua unavyopofusha.

"Mzee Hoza kanimwagia, dada! Pale mpakani!"

Mzee Hoza ni jirani yetu, na ua wa minyaa ndio mpaka wetu. Nikamwachia Tabitha amwoshe macho, nikachukua panga la marehemu baba. Ndugu zangu, sikwenda kuuliza. Nilikwenda kukata!

Njiani nikakutana na Mama Kashindye, ambaye mumewe aliletwa huku kama manamba, kibarua wa mkataba, kukata mkonge. Yeye Mnyamwezi, mimi Mbondei: watani.

"Wee Mbondei, unakwenda kuchinja kuku wa nani?"

Nikataka kumpita. Akaninyang'anya panga, akalichomeka katika mzigo wake wa kuni.

"Zuri hili! Nitamenyea mihogo."

"Nipe! Leo si siku ya utani."

"Kumbe utani una siku? Haya, kasirika, nikawatangazie watu kuwa Wabondei wamevunja utani."

Kitu alichochukua mtani hakidaiwi, na kumkasirikia ni aibu ya ukoo mzima. Nikabaki mikono mitupu. Nikalia. Naye akaacha kucheka.

"Twende wawili," akasema. "Tulisema nini Alhamisi? Uliza kwanza."

Tukamkuta Mzee Hoza barazani. Shikamoo ilinitoka kwa shida.

"Marahaba, mwanangu. Macho ya Elia vipi? Nilimwita aje anawe, akakimbia."

Akatupeleka mpakani. Vijiti vibichi vya minyaa vilikuwa vimechomekwa ndani ya shamba lake, hatua sita kutoka kwenye ua wa zamani. Kisu cha Elia kilikuwa chini, kimeganda utomvu. Mdogo wangu alikuwa anasogeza mpaka, na utomvu ukamrukia mwenyewe!

Ndugu zangu, nilimpigia mzee magoti. Ningemuua mtu asiye na kosa. Na kijana niliyemfundisha kuuma ndiye aliyeuma.

"Nilikuja na panga, baba," nikamwambia. "Nisamehe."

"Liko wapi?"

"Panga gani?" akadakia Mama Kashindye. "Hili langu la mihogo?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akanishika mkono, akaninyanyua.

Macho ya Elia yalifunguka siku ya nne. Alikiri yote, akamwomba mzee msamaha. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kung'oa vile vijiti na kuziba mapengo kwenye ua wa zamani. Mzee Hoza mwenyewe alimshikia kamba ya kunyooshea mstari.

Siku hizi Alhamisi nakaa mbele. Panga la baba sijarudishiwa, wala siliulizii. Asante Yesu!

Nawe uliyekaa nyuma, unayecheka moyoni kama nilivyocheka, mtumaini Bwana. Kabla hujafika kwa jirani yako, ameshamweka mtu njiani. Mwachie panga.