Baltazar Mafuru na Karatasi ya Kisima cha Bugwema

Marehemu Baltazar Mafuru alizaliwa Bukima, Majita, tarehe 14 Agosti 1962, mtoto wa tatu wa Mzee Wenceslaus Mafuru na Mama Yuliana. Kitinda mimba wao ni Danford, ndiye anayewasomea haya.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Bukima, kisha sekondari Musoma mjini. Tangu udogo alikuwa mtu wa kukagua. Mama akitua ndoo ya maji tu, Baltazar ameshachota glasi, anaiinua juani na kuitazama. Mama alikuwa akimwambia, "Kunywa basi, au unangoja yakusalimie?" Mwaka 1984 alikwenda chuo cha maji Dar es Salaam, akarudi na cheti cha ufundi wa maabara.

Mwaka 1986 aliajiriwa kupima maji ya visima vya umma, akafanya kazi Bunda, Butiama na mwisho Musoma. Alichota sampuli, akaziweka kwenye deli lenye barafu, akazifikisha maabara siku hiyo hiyo, kisha akarudi kubandika majibu kisimani ili kila mtu aone. Kazi hiyo aliifanya vizuri kwa miaka ishirini na nane. Hilo ni kweli, ingawa mwenyewe alikataza tusilitaje sana.

Alifunga ndoa na Marieta tarehe 7 Oktoba 1989, wakakaa Iringo, Musoma mjini. Mungu aliwapa Dorah, Lameck na Getruda.

Sasa tumefika mahali ambapo sisi familia tungependa kuruka. Jumanne, tarehe 11 Novemba 2014, marehemu alikwenda kupima kisima cha pampu huko Bugwema. Mama mmoja, Bhoke, alimwambia, "Baba, tangu mvua ianze maji yananuka. Mimi nachemsha. Angalia vizuri." Akamjibu asiwe na wasiwasi, majibu yatakuja.

Jioni hiyo wakwe walikuwa wanakuja Iringo kwa mara ya kwanza tangu nyumba iishe, na Mjita hapokei wakwe kwa mboga za majani. Akapitia mwaloni, wavuvi wanakouzia samaki, akachukua sato watatu wanene. Barafu pekee ilikuwa ndani ya deli la sampuli, basi akawalaza humo humo, juu ya chupa. Alipofika mjini kifuniko cha chupa moja kimelegea na maji ya samaki yameingia. Utaratibu aliujua: mwaga, rudi kesho, chota upya. Lakini kesho wageni wangekuwa bado wapo. Akanakili majibu ya mwaka uliotangulia, na kesho kutwa yake akapeleka karatasi kisimani: maji ni salama kwa kunywa.

Sato walikuwa watamu. Danford, huyu anayesoma, ndiye aliyeomba kichwa.

Bhoke aliisoma karatasi ile, akaacha kuchemsha. Choo cha jirani kilikuwa kinavuja kuelekea kisimani. Tarehe 9 Desemba 2014 binti yake Rhobi, wa miaka mitatu, alifariki kwa kuharisha.

Marehemu hakumwambia mtu. Kisima kilifungwa, kikatengenezwa, naye akawa anakipima kila mwezi mpaka alipostaafu mwaka 2022. Akimwona Bhoke kwa mbali, alizunguka njia nyingine. Sato hakuwagusa tena. Danford alikuwa akimtania mbele za watu, "Mjita gani wewe unakimbia samaki?" Naye alicheka nasi. Ee Mungu, tulivyocheka!

Mwaka jana kisukari kilishika figo zake. Jumapili moja mchana, kitandani, alitusimulia yote mimi Danford na mke wake. Akasema, "Nilikuwaga nakwenda kule kila mwezi, nashindwa kumwangalia yule mama usoni. Nikifa msinisifu. Someni hili." Alifariki Jumapili tarehe 2 Februari 2025.

Kwenye kikao cha familia, baba mdogo Abraham alikataa katakata. "Marehemu hasemwi hivyo! Watoto wataficha wapi nyuso zao?" Shemeji Marieta ndiye aliyemaliza maneno. Alisema, "Sato waliliwa kwenye meza yangu. Isomwe."

Hatukutaka mama wa Rhobi ayasikie hapa kwa mara ya kwanza. Alhamisi tulikwenda Bugwema, tukamsomea Bhoke. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miaka kumi ukweni kwangu wananiita mchafu. Wanasema mtoto nilimuua mwenyewe kwa uvivu wa kuchemsha maji. Na mimi nilikubali." Tulimwomba msamaha. Hakutupa. Alisema tu, "Someni kwa sauti, na ukweni kwangu waitwe."

Tumewaita, nao tumewatengea viti vya mbele. Wakwe wa Mama Bhoke, sikieni kutoka kwetu: huyu mama alichemsha maji mpaka ndugu yetu alipomwandikia kuwa ni salama. Rhobi hakufa kwa uchafu wa mama yake. Alikufa kwa karatasi ya Baltazar Mafuru.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake Danford. Tunaona aibu, na bado tunampenda.

Mungu ampe Baltazar pumziko. Na wewe Mama Bhoke, amina hii usipoiitikia, hakuna atakayekulaumu.