Ukuta Ndani ya Kompyuta

Mwaka ule wa mgao wa umeme, Sabiha muuza samaki alikuwa kwenye kivuko cha Pangani, katega sikio. Mselem, karani wa shamba la mkonge, alikuwa akilalamika: “Kompyuta kuu ya ofisi, sehemu moja ya diski imejaa pomoni, ya pili tupu. Tufute yote tuanze upya.”

“Ubomoe nyumba kwa nini?” akajibu fundi Taizoon. “Nausogeza tu ukuta wa kati ya sehemu hizo mbili, vitu vikiwa ndani.”

Sabiha, aliyewahi kuhamisha ukuta wa jiko na wageni wa arusi wamo ndani, akamuunga mkono kimoyomoyo.

“Na umeme ukikatika ukuta ungali njiani, fundi?” akauliza Mselem.

“Haukatiki, bwana! Ni kazi fupi, kama huku kuvuka kwetu.”

Injini ya kivuko ikakohoa, ikazimika katikati ya mto. Mselem akamtazama Taizoon. Taizoon akayatazama maji. Sabiha ndiye aliyecheka kwanza.