Dorkas Mathayo, Mpima Macho ya Watoto wa Ulemo

Ndugu waombolezaji, mliotembea kutoka Misigiri na mliopanda lori kutoka Issuna, poleni kwa safari. Tunamsindikiza mama ambaye hakupenda kusifiwa mbele za watu, ila leo hana namna ya kutukataza.

Marehemu Dorkas Mathayo alizaliwa hapa Ulemo, mtoto wa tatu wa Mzee Mathayo, mfugaji na mkulima wa uwele. Wajomba zake walibishana mpaka uzeeni kuhusu mwaka wenyewe, lakini kitabu cha ubatizo kimeandika tarehe 9 Juni 1912, na marehemu alikiamini kitabu kuliko wajomba.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1922 hadi 1927. Alifukuzwa mara moja kwa kucheka wakati wa sala, akarudishwa kesho yake kwa sababu kwaya ilishindwa kuimba bila yeye. Mwaka 1930 aliingia hospitali ya misheni, kwanza kama mfagiaji, kisha nesi, kisha mkunga. Wengi mliosimama hapa mlipokewa duniani na mikono yake, na baadhi yenu, alikuwa akisema, mlikuja kwa ubishi.

Tarehe 11 Agosti 1934 alifunga ndoa na Bwana Isaka, seremala. Uchumba wao ulianzia kwenye jino. Isaka alikwenda hospitali mara tatu kulalamikia jino lisilo na ubovu wowote. Mara ya tatu Dorkas alimwambia, "Bwana Isaka, hili nikiling'oa, kesho utakuja na lipi?" Naye akajibu, "Kesho nitakuja na wazee." Na kweli alikwenda na wazee, na jino analo hadi leo.

Mwaka 1936 walimpata Ezekieli. Mtoto huyo alikuwa na macho makubwa, meusi, yenye kung'aa. Sisi ni watu wa ng'ombe, na hapa kwetu mtoto hasifiwi sifa kubwa kuliko kuambiwa ana macho ya ndama. Mama mkwe wa Dorkas, Bibi Raheli, alifurahi hata akamtolea mjukuu mtamba wa madoa. Majirani walikuja kumtazama mtoto kama wanaotazama harusi. Mtoto alitokwa na machozi na kuficha uso kila alipotolewa nje, na Dorkas, nesi mzima mwenye sare nyeupe, alidhani ni trakoma, ule ugonjwa wa vikope, akampaka dawa ya trakoma. Ezekieli hakufikisha miaka miwili akawa haoni kabisa.

Hakuna aliyemlaumu marehemu. Alijilaumu mwenyewe, na iliuma. Baadaye daktari wa misheni alimweleza kwamba jicho hutengeneza maji yake lenyewe ndani, na maji hayo yana njia ndogo ya kutokea. Mtoto akizaliwa njia imeziba, maji hujaa, jicho hutanuka kwa kuwa bado laini, na mshipa wa kuonea hubanwa mpaka ufe. Uzuri ule tulioushangilia ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe. Lea alipozaliwa mwaka 1940, na Elina mwaka 1943, mama yao aliwakagua macho asubuhi na jioni, na yalikuwa macho madogo ya kawaida. Bibi Raheli aliyaonea huruma.

Kisha tarehe 20 Januari 1947 akazaliwa Manase, na kabla kitovu hakijadondoka Dorkas alikwisha kujua. Daktari wa misheni alimpima mtoto, akamwambia Dorkas yupo daktari wa macho katika hospitali moja kwenye reli, aliyejifunza kuizibua ile njia kwa kisu chembamba mno, lakini angeondoka mwisho wa Machi. Kila siku ya kungoja ilikuwa inakula macho ya mtoto.

Bibi Raheli alikataa. "Mtoto mzuri namna hii, mkamtie kisu? Haya ni macho ya ukoo!" Isaka alitazama chini, maana hakuwahi kumpinga mama yake. Siku tatu Dorkas alibembeleza, siku tatu Bibi alikataa. Siku ya tatu, wakila, Ezekieli, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, aliweka tonge chini.

"Bibi, ulinipa mtamba kwa ajili ya macho haya."

"Ndiyo, mjukuu wangu. Na amekwisha kuzaa mara nne."

"Wanasema ana madoa. Madoa yakoje?"

Bibi Raheli alinawa mikono. Kisha akasimama, akachukua khanga yake, akasema, "Mama Ezekieli, lori la Singida linapita saa ngapi?"

Walikwenda wote wawili na mtoto. Bibi hakuwa amewahi kupanda lori wala treni, akatapika katika vyombo vyote viwili bila upendeleo. Daktari wa macho alipotaka kumpokea mtoto, Bibi alimkumbatia mjukuu wake akasema, "Mzungu huyu mdogo, kwanza asalimie." Dorkas alitafsiri kwa aibu. Daktari akasema shikamoo, na Bibi akajibu, "Marahaba. Haya, mkateni. Lakini taratibu."

Jicho la kulia lilikatwa mara moja, la kushoto mara mbili, na la kushoto halikupona vizuri. Bandeji zilipotolewa, Manase alitazama huku na huku, akaona ushanga mwekundu shingoni mwa Bibi, akaukamata, akagoma kuuachia. Dorkas alipiga kigelegele ndani ya wodi, wagonjwa wakaitikia, na muuguzi mkuu aliyekuja kukemea akajikuta anacheka.

Tangu hapo marehemu hakumwacha mtoto yeyote apite bila kumpima macho. Alikata kipande cha bua la mtama urefu wa milimita kumi na mbili, akawa anakishika karibu na weusi wa jicho la kila mtoto mchanga. Weusi ukizidi bua, mama anafungasha safari. Sokoni, kanisani, hata msibani, akisikia mtu anasema "macho ya ndama" aliacha mazungumzo akamfuata huyo mtoto. Aliwaambia kina mama bila kujificha, "Mimi nilikuwa nesi na nilikosea. Wewe usikosee." Kwa miaka kumi na mmoja aligundua watoto saba. Wanne wanaona vizuri, wawili wanaona kiasi, mmoja aliletwa amechelewa.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikavimba. Akiwa kitandani aliletewa mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa Lea. Aliomba bua lake, akapima kulia, akapima kushoto, akasema, "Macho mabaya kabisa, kama ya babu yake. Mungu asifiwe." Alifariki Jumamosi, tarehe 14 Machi 1959, alfajiri, nyumbani kwake.

Marehemu ameacha mume, Bwana Isaka. Mama mkwe, Bibi Raheli, aliyeketi chini hapa mbele na kukataa kiti. Watoto wanne, Ezekieli, Lea, Elina na Manase. Na mjukuu mmoja. Tunawashukuru madaktari, kanisa, na majirani waliopika.

Wasifu huu umetungwa na Ezekieli, mwalimu wa kwaya, kwa mdomo, usiku na mchana, maana hakutaka mtu mwingine amseme mama yake. Aliyeuandika katika daftari na kuusoma hapa ni mdogo wake, Manase, kwa jicho la kulia na miwani minene, na amesoma kila neno mwenyewe.

Mama, umesomwa. Pumzika sasa kwa amani ya Bwana.